Vijana watatu wa Belleville na wimbo wa mwaka 1936

Msikilizaji mmoja wa kipindi changu aliniandikia barua juma lililopita akinilaumu. Anasema kila nikigusa muziki wa kantri kutoka Marekani napoteza wakati wa watu, kwa sababu huo ni muziki wa wazee walioshiba, waliokaa barazani wakimkumbuka Jim Reeves. Sikukasirika. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliijua kantri kwa sauti ya Jim Reeves, na sauti ile kweli ilikuwa ya mtu aliyeshiba: laini kama samli, nyuma yake fidla nyingi za kistaarabu na kwaya inayonong'ona. Leo basi namjibu kwa albamu moja tu. Ilitoka mwaka 1990, ilipigwa na vijana watatu waliokuwa hawajashiba hata kidogo, na inaitwa No Depression. Bendi yenyewe iliitwa Uncle Tupelo.

Jina la albamu linahitaji maelezo, maana wengi wanaolisikia hudhani maana yake ni "hakuna huzuni". Sivyo. Depression inayotajwa hapa ni ule mdororo mkuu wa uchumi ulioikumba Marekani kuanzia Oktoba 1929, benki zikafungwa kwa maelfu, na ilipofika mwaka 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa nchi ile hawakuwa na kazi. Mwaka 1936 kundi la Carter Family lilirekodi wimbo wa dini uliosema kwamba mahali pasipokuwa na mdororo huo ni mbinguni peke yake. Ni wimbo wa kuaga. Anayeuimba ameitazama dunia, ameona haina dawa, anafunga virago.

Sasa, vijana wa miaka ishirini na ushei, wenye magitaa ya umeme na nywele zisizochanwa, walitaka nini katika wimbo wa namna hiyo miaka zaidi ya hamsini baadaye? Hilo ndilo swali lenyewe, na jibu lake halipo Nashville. Lipo katika mji uitwao Belleville, jimbo la Illinois.

Belleville si mji mkubwa. Una watu kama elfu arobaini hivi, nao uko upande wa mashariki wa mto Mississippi, mwendo mfupi kwa gari kutoka jiji la St. Louis. Wahamiaji wa Kijerumani waliujenga kwa matofali na kwa jasho. Chini ya ardhi yake kulikuwa na makaa ya mawe, na juu yake viwanda vya kusubu majiko ya chuma ambayo yalipikia nyumba nyingi za Marekani. Palikuwa pia na kiwanda cha bia ya Stag, fahari ya wanywaji wa mji ule. Kisha mambo yakaanza kupungua, moja baada ya jingine, kama ilivyotokea katika miji mingi ya viwanda vya eneo lile. Migodi ikanyamaza. Viwanda vya majiko vikazima tanuri. Mwaka 1988 hata kiwanda cha bia kilifungwa. Mji haukufa, la, watu waliendelea kuishi na kuzaa na kwenda kanisani, lakini kijana aliyemaliza shule alitazama huku na huku akaona zamu ya usiku, baa, na njia ya kwenda jeshini.

Hapo ndipo walipokulia Jay Farrar, Jeff Tweedy na Mike Heidorn. Farrar na Tweedy walisoma pamoja. Baba yake Tweedy alikuwa mtu wa reli, alifanya kazi ya treni maisha yake yote. Nyumbani kwa akina Farrar muziki ulikuwa kama chumvi jikoni. Wazazi walipiga, kaka zake walipiga, na kantri ya zamani ilisikika hata kwa asiyeitaka. Kama vijana wote wenye akili timamu, hawa wawili kwanza waliukimbia muziki wa wazazi wao. Walikimbilia panki, muziki wa makelele na mwendo wa kasi, wa bendi kama Minutemen na Hüsker Dü, ambazo zilihubiri kwamba mtu yeyote mwenye gitaa na jambo la kusema ana haki ya kupanda jukwaani, awe amefunzwa au hakufunzwa. Walianza na bendi ya mtindo wa miaka ya sitini pamoja na kaka mmoja wa Farrar. Kaka alipoondoka, wakabaki watatu: gitaa, besi na ngoma. Wakajiita Uncle Tupelo. Tupelo, kwa asiyejua, ni mji wa Mississippi alikozaliwa Elvis Presley.

Walipiga katika baa za kwao na katika ukumbi mdogo wa chini ya ardhi wa baa ya Cicero's huko St. Louis, wanafunzi wakibanana jasho likiwatiririka. Tweedy aliuza santuri dukani, na katika duka hilo ndiko alikokutana na Tony Margherita, ambaye alikuja kuwa meneja wao. Duka la santuri ni shule. Mtu anayeshinda mchana kutwa katikati ya santuri kuukuu hatimaye ataziweka masikioni, na akiziweka masikioni kwa makini atagundua kwamba baba na babu hawakuwa wajinga.

Hapa turudi nyuma kidogo, maana bila Carter Family hadithi hii haina miguu. Walikuwa watatu pia: A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, binamu yake Sara aliyeolewa na ndugu yake A.P. Walitoka katika bonde la Virginia lenye jina linalosema kweli, Poor Valley, yaani Bonde la Umaskini. Agosti 1927 walikwenda Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Virginia na Tennessee, ambako Ralph Peer wa kampuni ya Victor alikuwa ameweka mitambo akitafuta waimbaji wa milimani. Katika siku hizo hizo, mahali hapo hapo, alirekodiwa pia Jimmie Rodgers, yule mwimbaji aliyekuwa mfanyakazi wa reli. (Santuri za Rodgers zilisafiri mbali kuliko mwenyewe. Zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Bonde la Ufa nchini Kenya, na Hugh Tracey alipopita huko mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, alikuta watu wanaimba juu ya kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha. Ukilitamka jina hilo polepole utamsikia Jimmie Rodgers ndani yake.)

Maybelle Carter alipiga gitaa kwa namna yake. Kidole gumba kilichukua nyimbo yenyewe kwenye nyuzi nene za chini, na vidole vingine vikakwaruza mdundo juu yake, hivyo gitaa moja likasikika kama mawili. Wengi walimwiga hadi leo. Naye A.P. alizunguka vijijini kuokota nyimbo kama mtu aokotaye kuni, na mara nyingi alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi mwenye kumbukumbu kali: A.P. aliandika maneno, Riddle alibeba sauti kichwani. Majina yaliyoandikwa kwenye santuri hayakuwa pamoja na la Riddle. Nalitaja hili kwa sababu watu hupenda kusema kantri ni muziki wa Wazungu watupu, kana kwamba ulishuka kutoka angani.

Muziki huo mkavu wa Carter Family ulikuja kuonekana aibu. Katikati ya miaka ya hamsini roki iliwateka vijana, na wakubwa wa Nashville, wakihofia biashara yao, wakaiondoa fidla ya kijijini na gitaa la kuteleza linalolia, wakaweka fidla za okestra na kwaya. Hapo ndipo Jim Reeves wetu alipong'ara. Simlaumu, sauti alikuwa nayo. Lakini kantri ilijifunza kuvaa tai, na ikazidi kuvaa tai, hadi miaka ya themanini ilipokuwa vigumu kumtofautisha mwimbaji wake na karani wa bima. Kila baada ya muda alitokea mtu wa kuipinga: Gram Parsons na bendi ya The Byrds mwaka 1968 walichanganya kantri na roki katika albamu ya Sweetheart of the Rodeo, na wengine wakafuata. Vijana wa Belleville kwa hiyo hawakuwa wa kwanza, na nawaomba wanaoandika kinyume wapumzike.

Tofauti yao ilikuwa ya sauti. Januari 1990 walisafiri kwenda Boston, katika studio ya Fort Apache, wakiwa na watayarishaji Sean Slade na Paul Kolderie, ambao walikuwa wamefanya kazi na bendi za makelele za mji ule. Bajeti ilikuwa dola 3,500 na siku zao zilikuwa kama kumi. Fedha hizo kwa kampuni kubwa zisingetosha hata chakula cha wageni. Farrar alitumia gitaa la Gibson lililokwisha kutumiwa na J Mascis wa Dinosaur Jr., bendi iliyosifika kwa kupasua masikio. Kwa hiyo vifaa vilikuwa vya panki, studio ya panki, na haraka ya panki. Walichoingiza mlangoni ndicho kilichokuwa cha zamani.

Wimbo wa kwanza unaitwa Graveyard Shift, zamu ya usiku wa manane, na unaanza kama mlango unaopigwa teke. Gitaa linakuja kwa nguvu, linasimama ghafla, kimya, kisha linarudi. Usimamaji huo ndio alama yao. Heidorn anapiga ngoma kama dereva wa basi asiyeamini breki zake: anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena, na abiria wote wanayumba mbele na nyuma. Ukisikiliza mara ya kwanza utadhani wamekosea. Ukisikiliza mara ya tatu utatambua kwamba ndivyo maisha ya zamu yalivyo, kengele inalia unakimbia, kengele inalia unasimama.

Juu ya makelele hayo inakaa sauti ya Farrar, nami kila nikiisikia huduwaa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, lakini sauti ni ya mzee wa sitini aliyerudi kutoka mazishini. Ni nzito, haipambwi, haitetemeshwi ili watu walie. Anayatoa maneno kama mtu anayeshusha magunia. Tweedy ni kinyume chake, sauti yake nyepesi, ina mikwaruzo, na bado inatafuta pa kukaa. Katika wimbo wa Train anaimba habari za kijana aliyesimamishwa na treni ndefu njiani, na jinsi mabehewa yanavyopita ndivyo anavyowaza kwamba vita vikizuka, watu wa namna yake ndio watakaotangulia kufa. Mtoto wa mtu wa reli anaitazama treni na kuona jeneza. Wimbo wenyewe umeshonwa vibaya mahali mahali, lakini hofu ile si ya kubuni.

Moyo wa albamu, kwa maoni yangu, ni Whiskey Bottle. Unaanza taratibu, gitaa kavu bila umeme, na pembeni lile gitaa la kuteleza la kantri ambalo Nashville ililionea haya, likilia kama mtu anayejizuia. Habari ni za mlevi anayejua kwamba chupa imechukua nafasi ya kanisa, na ambaye hajidanganyi. Kisha kiitikio kinafika na magitaa ya umeme yanaanguka juu yako kama ukuta. Hapo ndipo nilipoelewa wanachokifanya. Watu husema Uncle Tupelo walichanganya kantri na panki, kama mtu achanganyaye maziwa na chai. Hawakuchanganya. Waliviweka viwili hivyo ubavu kwa ubavu, kimoja kikimkatiza kingine, na katika mshtuko wa kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine unagundua kwamba vinasema jambo lile lile: nimechoka, na hakuna anayenisikia. Babu alilisema kwa kunong'ona kwa sababu alikuwa kanisani. Mjukuu analisema kwa kelele kwa sababu mashine za kiwandani zilimziba masikio, au kwa sababu mashine hizo zimezimwa na kimya hakivumiliki.

Kabla ya hapo wimbo wa Carter Family umekwisha kushika nafasi yake. Hawakuupiga kwa mzaha. Hilo ni jambo kubwa, maana vijana wa roki walizoea kuigiza kantri kwa kofia za kuchekesha na matamshi ya kejeli. Farrar anauimba wima, gitaa kavu likimsindikiza, bila kuongeza neno na bila kukonyeza msikilizaji. Sijui kama waliamini mbingu, wala haidhuru. Waliamini mdororo. Albamu inakaribia mwisho na Screen Door, wimbo mdogo wa Tweedy wa watu waliokaa nje ya nyumba bila fedha na bila haraka, halafu inafunga na John Hardy, wimbo wa kale wa mtu wa reli aliyenyongwa huko West Virginia mwaka 1894 kwa kuua. Carter Family waliurekodi, na Lead Belly, mwimbaji mkubwa mweusi, naye aliuimba. Vijana wakaupiga kama gari moshi lililokatika breki. Katikati ya albamu kuna nyimbo mbili tatu zinazofanana mno, na kama ningekuwa mtayarishaji ningezikata.

Albamu ilitoka Juni 1990 kwa kampuni ndogo iitwayo Rockville. Katika mwaka wa kwanza iliuza nakala kama 15,000 tu. Mwezi Agosti mwaka huo huo Garth Brooks alitoa No Fences, albamu ya kantri ya Nashville ambayo nchini Marekani peke yake ilipita nakala milioni 15. Ukiweka hesabu hizo mbili pamoja utaona ujinga wa kuzungumza juu ya mapinduzi. Na hata hivyo kitu kilitokea. Vijana katika miji mingine ya viwanda na mashamba waliisikia, wakaenda kwenye santuri za wazazi wao bila haya. Mwaka 1995 waandishi wawili, Peter Blackstock na Grant Alden, walianzisha gazeti la muziki huu na wakalipa jina la albamu, No Depression. Mtindo wenyewe ukaitwa kantri mbadala, na wengine wakauita kwa jina la gazeti.

Wenyewe hawakudumu. Waliendelea kwa albamu tatu zaidi. Ile ya mwaka 1992 waliirekodi kwa siku tano za Machi huko Athens, Georgia, Peter Buck wa R.E.M. akisimamia, karibu yote bila umeme. Na yote ilikuwa kinyume cha soko, maana mwaka huo kila kampuni ilitafuta makelele ya Nirvana. Heidorn akaondoka kwenda kuwa mtu wa familia. Albamu ya nne, Anodyne, ilitoka Oktoba 1993 kwa kampuni kubwa ya Sire, na wapo wanaoipenda kuliko zote. Lakini ukiisikiliza unasikia nyumba mbili chini ya paa moja. Farrar na Tweedy, waliokuwa wakigawana jukwaa tangu shuleni, walifika mahali wasizungumze. Mapema mwaka 1994 Farrar alimwambia meneja kwamba yeye basi. Tarehe 1 Mei mwaka huo walipiga mara ya mwisho katika ukumbi wa Mississippi Nights, St. Louis, na Heidorn alirudi kukaa nyuma ya ngoma zake kabla taa hazijawashwa. Mwaka 1995 Tweedy alitoa A.M. na bendi ya Wilco, na Farrar akatoa Trace na Son Volt, huku Heidorn akimpigia ngoma. Tangu hapo kila mmoja ameshika njia yake, na mashabiki wanaoomba wapatane wamezeeka wakiomba.

Lilibaki suala la fedha. Albamu zile tatu za kwanza ziliendelea kuuzwa bila wanamuziki kuona mrabaha, hata ikabidi waliokuwa hawasemezani wawe kitu kimoja mbele ya mawakili. Walishinda, na haki za albamu hizo zikarudi mikononi mwao. Mwaka 2003 No Depression ilitolewa upya na nyimbo chache za ziada mwishoni. Mojawapo ni ule wimbo wa Carter Family, rekodi ya majaribio isiyosafishwa, na tarehe iliyoandikwa kwake ni 1988, mwaka uleule kiwanda cha bia cha Belleville kilipofungwa.